Nifanyeje nijadili siasa na kaka yangu bila kufikia ugomvi?

Swali

Ndugu zangu, naomba ushauri. Mimi naamini kwamba matibabu ya kila raia yanapaswa kugharamiwa na serikali kwa fedha za kodi, ilhali kaka yangu mkubwa anaamini kwamba kila mtu ajilipie na serikali isiingilie mno maisha ya watu. Hatuna ugomvi mwingine wowote, lakini mada hii ikiguswa tu, haipiti muda mmoja wetu anapandisha sauti. Nikimletea takwimu, anazidi kung'ang'ania msimamo wake. Nikinyamaza, anachukulia kunyamaza kwangu kuwa dharau. Sitafuti mbinu ya kumshinda, bali nataka kujua kama watu wenye itikadi zinazopingana wanaweza kujadiliana kwa hoja na bado wakaheshimiana.

Jibu la kwanza

Dada, nadhani mnachanganya maswali mawili. Lipo swali la ukweli, yaani mfumo fulani unagharimu kiasi gani na unawafikia wangapi. Na lipo swali la haki, yaani kama ni halali kumtoza mtu mwenye afya ili alipie matibabu ya mgonjwa asiyemfahamu. La kwanza linajibika kwa takwimu. La pili halijibiki hata ukizileta kwa magunia, na ninashuku kwamba hilo la pili ndilo linalomkera kaka yako.

Mwaka 1960, katikati ya Vita Baridi, mwanahisabati Anatol Rapoport alipendekeza kwamba kabla ya kumpinga mtu umwoneshe kwanza kuwa umemsikia na kumwelewa, kisha utafute ni katika mazingira gani msimamo wake ni sahihi. Hatua hiyo ya pili ndiyo ngumu, na ndiyo wengi wetu tunairuka. Usiseme tu "nakuelewa, lakini", kwa sababu neno "lakini" hufuta yote yaliyolitangulia. Mweleze msimamo wake kwa maneno yako mpaka akiri kwamba ndivyo anavyoamini, halafu mtajie hali ambayo wewe mwenyewe ungekubaliana naye: kwa mfano, pale kodi inapokusanywa mwaka hadi mwaka na hospitali zikabaki bila dawa. Ukishindwa kupata hata hali moja, basi bado hujamwelewa.

Jibu la pili

Nakubaliana na aliyetangulia, ila naongeza jambo moja. Usimwulize kwa nini anaamini anachokiamini, mwulize sera anayoitaka itafanya kazi vipi, hatua kwa hatua. Mwaka 2013 Philip Fernbach na wenzake walichapisha utafiti ulioonesha kwamba watu walioombwa kueleza utendaji wa sera waligundua kuwa hawaielewi kama walivyodhani, na misimamo yao ikalegea; walioombwa kutaja sababu tu hawakulegea.

Jibu la tatu

Naomba tuwe waangalifu na utafiti huo. Mwaka 2021 Jarret Crawford na John Ruscio walichapisha matokeo ya kuurudia. Sehemu ya kwanza ilithibitika, kwa maana kwamba watu walishusha makadirio ya uelewa wao baada ya kutakiwa kueleza. Sehemu ya misimamo kulegea haikuthibitika. Kwa hiyo swali la "itafanya kazi vipi" ni zuri, lakini si dawa ya kumgeuza mtu, na likiulizwa kama wakili anavyomhoji shahidi, kaka yako atautambua mtego mara moja. Mimi ningelianzia kwako. Jieleze mbele yake namna mfumo wako utakavyofanya kazi, ukiri pale unapokwama, ndipo umwombe naye ajaribu wa kwake.

Jambo jingine, dogo tu: msifanye mjadala huu mbele ya watu. Wasikilizaji wakiwapo, kila mmoja hulinda heshima yake, na hoja huachwa pembeni.

Muuliza swali

Nawashukuru nyote. Nimefuata ushauri wa jibu la tatu kabla ya kuonana na kaka yangu: nilikaa peke yangu nikaandika jinsi mfumo ninaoutetea utakavyofanya kazi. Nilikwama mapema kuliko nilivyotarajia, nilipofika kwenye swali la nani ataamua ni dawa zipi zilipiwe na zipi zisilipiwe fedha zikipungua. Nakumbuka kaka yangu aliwahi kuniuliza swali hilo hilo, nami nikamjibu kwamba hana huruma. Sijabadilisha msimamo wangu. Nitakapokutana naye, nitaanza kwa kumwomba radhi kwa jibu lile, kisha nimwambie kwamba swali lake bado sina jibu lake.