Naomba ushauri: hisa za miaka 20 kwenye nchi inayoishi kwa madini

Fundi_Waya (mleta uzi)
Wakuu habari zenu. Nina hela ambayo sitaigusa kwa miaka kama 20, ni ya watoto na uzee. Nchi yangu uchumi wake ni shaba tu, na mimi ni fundi umeme kwa mkandarasi wa mgodi. Nataka niweke karibu yote kwenye hisa za kampuni ya mgodi iliyopo soko letu maana gawio (faida wanayogawiwa wenye hisa) la mwaka huu limenona kweli, alafu kidogo kwenye hisa za benki mbili. Mnaonaje?

Nahodha
Mkuu, kwanza angalia mshahara wako unatoka wapi. Bei ya shaba ikishuka mgodi unapunguza watu, hisa zinaporomoka, gawio linakatwa na sarafu nayo inalegea, yote kwa mpigo. Na hizo benki usidhani ni kitu kingine, zimemkopesha nani? Wakandarasi, wenye malori na wafanyakazi kama wewe. Kampuni tatu lakini dau ni lilelile moja.

Mama Akiba
Nahodha kasema kweli tupu. Zambia waliyaona haya, mwanzoni mwa 2011 tani ya shaba ilipita dola 10,000, Januari 2016 iko chini ya 4,500, na katikati hapo kwacha, sarafu yao, ikaanguka na migodi ikaachisha watu kwa maelfu. Wenzetu Norway ule mfuko wao mkubwa wa hela ya mafuta, ulioanzishwa kwa sheria ya 1990, unawekeza nje ya nchi tu, ili uchumi wa ndani usiyumbishwe na bei ya mafuta.

Kijana wa Soko
Mnamtisha bure. Hisa za madini hununuliwa bei ikiwa chini, watu wakikimbia we unaingia, miaka 20 ni mingi.

Nahodha
Sikatai kijana, ila bei ikiwa chini yeye ndo hana kazi, hiyo hela ya kununulia ataitoa wapi? Atakuwa anauza ale.

Fundi_Waya
Dah, hapo mmenigusa. Ila hilo gawio jamani ndo linanivuta.

Mama Akiba
Gawio la madini linanona bei ikiwa juu, ndo kipindi hisa nazo ni ghali, so usilipigie hesabu kama litakuja hivyo kila mwaka. Fungua ripoti ya mwaka utafute vitu vitatu: gharama ya kuzalisha tani moja, deni ni la sarafu gani, na umri wa mgodi uliobaki. Hiki cha mwisho wengi wanakiruka. Shaba ikichimbwa haioti tena, kama mgodi umebakiza miaka 9 na wewe unataka kukaa 20, unanunua nini? Mimi ningeweka kipande kidogo hapo, kingine kikubwa kwenye mfuko wa pamoja (hela za watu wengi zinakusanywa kununua hisa) wenye hisa za nchi nyingi, unanunua kidogo kidogo kila mwezi na gawio unalirudisha humohumo. Na kabla ya yote tenga hela ya kula miezi kadhaa.

Fundi_Waya
Huo mfuko wa nje naingiaje mama?

Mama Akiba
Muulize dalali mwenye leseni kama sheria za kwenu zinaruhusu kutoa hela nje, na ada ya mfuko kwa mwaka ni kiasi gani. Usione 2% ni ndogo mwanangu, kwa miaka 20 inakula karibu theluthi ya mzigo wako.