Mruko wa nishati za uionishaji na vilele vitano vya klorini: naomba ufafanuzi

PCB_wa_Tano
Habari za jioni wakuu. Nina maswali mawili ya mada ya muundo wa atomu.

La kwanza: tumepewa nishati za uionishaji (za kung'oa elektroni moja baada ya nyingine) za elementi moja ya kipindi cha 3, kwa kJ/mol: 578, 1817, 2745, 11577. Tunatakiwa kutaja kundi lake. Majibu yanasema mruko, yaani ongezeko kubwa la ghafla, upo kati ya namba ya tatu na ya nne. Lakini kutoka 578 kwenda 1817 nako ni zaidi ya mara tatu. Kwa nini hapo hapahesabiwi?

La pili: spektra ya tungamo (mchoro unaotenga ioni kwa tungamo zake) ya gesi ya klorini ina vilele 35, 37, 70, 72 na 74. Isotopu zake (atomu za elementi moja zenye tungamo tofauti) ni mbili tu, 35 na 37, hivyo vitano vinatoka wapi?

Obitali3p
Umeuliza jambo ambalo majibu mengi ya mitihani hulipita. Gawa kila namba kwa iliyoitangulia, kisha jiulize ulitarajia nini. Elektroni ya kwanza ikitoka inaacha ioni yenye chaji +1, ya pili inaacha +2, ya tatu +3. Kama zote zinatoka obitali (sehemu za elektroni ndani ya ganda, mfano 3s na 3p za ganda la tatu) za aina moja, nishati hupanda takriban kwa 2/1, kisha 3/2, kisha 4/3, yaani 2, 1.5 na 1.33. Magnesi inaonyesha hivyo: 738 kisha 1451, zote kutoka 3s, uwiano 1.97.

Sasa namba zako, ambazo ni za alumini. Uwiano ni 3.14, 1.51 na 4.22. Ule wa katikati umekaa pale pale unapotarajiwa, maana elektroni ya pili na ya tatu zote ni za 3s. Wa kwanza umezidi 2 kwa sababu elektroni ya kwanza inatoka 3p, ambayo ina nishati ya juu kuliko 3s na inakingwa nayo kiasi dhidi ya mvuto wa kiini. Huko ni kuhama kutoka obitali moja kwenda nyingine ndani ya ganda lile lile. (Ndiyo sababu hiyo hiyo alumini, 578, inakuwa chini ya magnesi, 738, ingawa ina protoni moja zaidi.) Wa mwisho ulipaswa kuwa kama 1.33, umefika 4.22: elektroni ya nne imetoka 2p, ganda la pili, karibu zaidi na kiini na yenye kinga ndogo. Elektroni tatu za nje, kundi la III.

Jaribu na silikoni: 786, 1577, 3232, 4356, 16091. Utapata 2.01, 2.05, 1.35, 3.69. Hapo 2.05 badala ya 1.5 ni kutoka 3p kwenda 3s, na 3.69 ni kuingia ganda la pili.

Hesabu hii ni ya makadirio, itumie kukagua. Kwenye karatasi andika sababu zenyewe: ganda, umbali kutoka kwenye kiini, kukingwa.

Halafu angalia mlinganyo wa nishati ya nne. Ni Al³⁺(g) → Al⁴⁺(g) + e⁻. Wengi huandika Al(g) → Al⁴⁺(g) + 4e⁻, na hiyo ni jumla ya nishati zote nne. Ukisahau (g) pia unapoteza alama, kwa kuwa nishati hizi hupimwa atomu na ioni zikiwa katika hali ya gesi.

Spektra_Safi
Niongezee la pili. Klorini inaingia kwenye mashine ikiwa molekuli, Cl₂. Elektroni zenye kasi zinaipiga na kung'oa elektroni moja, inabaki Cl₂⁺. Baadhi ya ioni hizo hazidumu, zinavunjika kuwa Cl⁺ na atomu ya Cl. Atomu hiyo haina chaji, kwa hiyo haisukumwi wala haionekani. Cl⁺ ndiyo inayotoa 35 na 37, kwa uwiano wa 3:1.

Cl₂⁺ inatoa vitatu vilivyobaki: 35+35, 35+37 na 37+37. Uwezekano wa kila kimoja ni ¾×¾, kisha 2×¾×¼, kisha ¼×¼. Uwiano ni 9:6:1. Ile 2 ndiyo husahaulika, mtu akapata 9:3:1: molekuli ya 72 inaweza kuundwa kwa mpangilio wa 35–37 au 37–35.

Usilinganishe kimo cha 35 na cha 70. Hicho kinategemea ni molekuli ngapi zimevunjika, hakisemi chochote kuhusu wingi wa isotopu.

PCB_wa_Tano
Asanteni sana wakuu, nimeelewa. Nimejaribu wastani kwa asilimia 75.78 na 24.22, nikapata 35.48. Jedwali linasema 35.45. Nimekosea wapi?

Spektra_Safi
Hesabu yako ni sahihi. Umetumia 35 na 37, ambazo ni idadi ya protoni na nyutroni. Tungamo halisi za isotopu hizo, kwa kipimo cha kaboni-12, ni 34.969 na 36.966. Weka hizo: 34.969×0.7578 + 36.966×0.2422 = 35.45. Swali likikupa namba nzima tu, jibu lake ni 35.48, usilibadilishe lifanane na jedwali.