Mshale unasema 80, simu inasema 71: nani mwongo?

Mpandavilima

Habari zenu wakuu. Nina pikipiki ya sisi 150 (cc, ukubwa wa injini), niliinunua ikiwa imeshatumika, na kuna jambo linaninyima raha. Mshale wa spidi ukifika 80, simu inasoma 71. Nilianza kushuku siku niliyofuatana na rafiki yangu barabarani. Tuliposimama akasema tumekuja na 70, mimi naapa tulikuwa kwenye 80.

Nikaamua kupima. Nilimpakia mdogo wangu nyuma akashika simu yenye GPS, mimi nikakaza macho mbele. Barabara imenyooka na ni tambarare. Nikitulia kwenye 40, yeye anasoma kwa sauti: 36. Kwenye 60, anasoma 54. Kwenye 80, 71. Tukageuza tukarudi, namba zilezile. Kwa kuwa sikuiamini simu, nikatumia na vibao vya kilomita: mshale 60 bila kuyumba, kibao hadi kibao sekunde 67. Gawanya 3600 kwa 67, unapata 53.7. Basi simu haina kosa.

La pili: chini ya 30 mshale unatetemeka kama mtu mwenye homa. Ukivuka 40 unatulia.

Mwezi uliopita nilibadilisha spoketi ya mbele (gurudumu dogo la meno linalovuta cheni) kutoka meno 15 kwenda 14 ili ipande vilima na mzigo. Fundi mmoja anasema hiyo ndiyo imevuruga spidi, nirudishe 15. Mwingine anataka ninunue saa nzima ya spidi mpya. Kurudisha 15 sitaki, sasa hivi inapanda mlima kama mbuzi. Nianzie wapi?

Cheni Kavu

Jibu unalo mwenyewe. Gawanya 15 kwa 14, imezidi kwa asilimia 7. Saa inahesabu mizunguko ya upande wa injini, na sasa injini inazunguka zaidi kwa mwendo uleule wa tairi. Rudisha 15, kesi imekwisha.

Mzee wa Saa

Cheni Kavu, hesabu yako haina doa, ila huenda umeipeleka kwa pikipiki isiyo yake. Zipo pikipiki ambazo saa inasoma kwenye spoketi ya mbele au ndani ya giaboksi, na hizo ukigusa spoketi umegusa spidi. Zipo zinazosoma kwenye gurudumu la mbele. Kwa hizo unaweza kufunga spoketi ya meno 10 na saa isijue kabisa.

Mpandavilima, usibishane na mtu. Simamisha kwenye stendi kubwa, mtu akalie nyuma ili gurudumu la mbele lining'inie, ulizungushe kwa mkono kwa nguvu ukiangalia mshale. Ukinyanyuka hata kidogo, spoketi haina hatia. Halafu soma namba za ubavuni mwa tairi la mbele, uzilinganishe na kitabu cha pikipiki. Mwisho, tembea kilomita 20 za vibao uangalie odomita (kihesabu kilomita) imeongeza ngapi. Hilo la mwisho usiliruke, ndilo litakalotuambia ukweli.

Mpandavilima

Nimerudi. Mshale umenyanyuka! Kuna kebo inashuka hadi kwenye habu (kitovu cha gurudumu) ya mbele, sikuwahi hata kuiangalia. Tairi la mbele ni 80/90-17, kitabu kinasema 90/90-17. Odomita: kilomita 20 za vibao, yenyewe imeandika 20.6. Tairi ni jipya karibu, aliyeniuzia pikipiki ndiye aliyelifunga.

Mzee wa Saa

Vizuri. Sasa una makosa matatu tofauti yaliyokaa kwenye kioo kimoja, ndiyo maana kila fundi anakuambia lake.

La kwanza ni tairi. Chukua 90/90-17: ukuta wa tairi ni asilimia 90 ya milimita 90, yaani 81. Kuta ni mbili, 162. Rimu ya inchi 17 ni milimita 431.8. Jumla 593.8, zidisha kwa 3.1416, tairi likizunguka mara moja linatembea milimita 1865. Fanya hivyohivyo kwa 80/90-17 unapata 1809. Saa yako ilitengenezwa ikiamini kila mzunguko ni 1865. Gawanya 1865 kwa 1809: imezidisha kwa asilimia 3. Na odomita imekupa 20.6 badala ya 20. Asilimia 3 ileile! Hapo ndipo ninapoipenda kazi hii.

La pili: odomita imekosea asilimia 3, lakini mshale umekosea zaidi ya 12 (80 kwa 71). Iliyobaki, kama 9, imetoka wapi? Hapa lazima ujue kilichomo ndani. Odomita inasukumwa na gia, jino kwa jino, haina njia ya kudanganya isipokuwa tairi liidanganye. Mshale hausukumwi na gia yoyote. Kebo inazungusha sumaku, na sumaku hiyo imefunikwa na kikombe chembamba cha alumini bila kugusana nacho. Sumaku ikizunguka inazalisha umeme ndani ya kikombe, umeme huo unakiburuta kifuate. Springi nyembamba kama unywele inakivuta kirudi. Mshale unasimama pale mvutano wa pande mbili unapolingana. Springi ikichoka mshale unapanda zaidi. Sumaku ikipungua nguvu mshale unashuka.

Ila sehemu kubwa ya hiyo 9 si ugonjwa. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na watengenezaji wengi, inakataza saa kuonyesha pungufu ya mwendo halisi hata kidogo, lakini inaruhusu izidishe kwa asilimia 10 na kilomita chache juu yake. Mtengenezaji afanyeje? Anaipandisha makusudi ili akae upande salama.

Angalia pia namba zako: kwenye 40 umezidi kwa 4, kwenye 60 kwa 6, kwenye 80 kwa 9. Tofauti inakua na mwendo. Ingekuwa 5 kila mahali ningekuambia mshale umechomekwa vibaya kwenye ekseli yake, maana nimeshaona uliong'olewa kusafishwa kioo ukarudishwa kwa kukisia. Kwako sivyo.

La tatu, homa ya mshale. Kebo kavu au imepinda. Ifungue juu kwenye saa, vuta waya wa ndani wote, ufute kwa kitambaa. Uzungushe kwenye meza ukiwa umenyooka: ukirukaruka umepinda, nunua mwingine. Ukiwa mzima upake grisi nyepesi, kidogo tu, na ile robo ya juu inayoingia kwenye saa USIIPAKE. Grisi hupanda na kuingia ndani, ikafika kwenye kikombe. Nimefungua saa ambayo kikombe kilikuwa kimeganda na sumaku kwa grisi nyeusi. Mwenyewe alikuwa anashangaa mshale kwenda hadi mwisho akiwa anatafuta maegesho.

Cheni Kavu

Nimekubali kichapo. Yangu inasoma kwenye spoketi, nikadhani zote ni hivyo.

Dijitali Tupu

Niongeze kwa wenye saa za kielektroniki, maana mimi nimeungua hapo. Yangu sensa (kifaa kinachosoma mizunguko) iko kwenye spoketi ya mbele. Saa ilikuwa inasema 100, GPS inasema 93. Nikanunua kale kakifaa ka SpeedoHealer kanakokaa kati ya sensa na saa na kubadilisha idadi ya mapigo ya umeme yanayofika kwenye saa. Nikaweka kutoa asilimia 7. Namba zikawa pacha na GPS, nikajiona injinia.

Baada ya miezi nikaja kugundua safari yangu ya kila siku imefupika. Ile ya kilomita 40 inaandikwa 37. Kumbe odomita ilikuwa sahihi tangu mwanzo, uongo ulikuwa kwenye spidi tu, na vyote viwili vinakula mapigo yaleyale. Nilipoponya kimoja nikakitia kingine ugonjwa. Mafuta ya injini nimekuwa nachelewa kuyabadilisha, na pikipiki ikaonekana inakunywa petroli zaidi, wakati imebaki vilevile.

Siku hizi kakifaa nimekaweka kasahihishe kosa la odomita peke yake, lile la spoketi nilipobadilisha baadaye. Spidi naiacha izidishe. Kwa hiyo anayetaka kukanunua apime odomita KWANZA.

Tairi Bapa

Mimi nilibandika vijistika vitatu kwenye kioo: 50 halisi, 80 halisi, 100 halisi. Dakika tano.

Mzee wa Saa

Tairi Bapa, wala sikucheki. Ila ukibadilisha tairi, na vistika uvihamishe. Tairi likiisha pia: milimita 5 za kashata (mpira wenye mifereji unaokanyaga barabara) zikilika, nusu ya kipenyo imepungua kutoka karibu 297 hadi 292, hapo umeshapoteza kama asilimia 1.7. Na msipime kwenye kona. Pikipiki ikilala, tairi linakanyagia ubavu wenye mzunguko mdogo, saa inapanda hata kama hujaongeza mafuta.

Mpandavilima

Mrejesho. Waya wa ndani ulikuwa mkavu, una kutu ya rangi ya chai kwenye sehemu inayokata kona karibu na taa. Haukupinda. Nimefuta, nimepaka, juu nimeacha kavu kama ulivyosema mzee. Homa imeisha, mshale unapanda kutoka sifuri taratibu.

Tairi nimefunga 90/90-17. Kilomita 20 za vibao, odomita 20.0, nilipiga honi peke yangu barabarani. Mdogo wangu amesoma tena: 40 ni 37, 60 ni 55, 80 ni 73. Nimeiacha hapo. Spoketi ya meno 14 inabaki.

Yule wa saa mpya bado ananipigia simu.