Nimezoea maji ya Mbudya, nimealikwa kuzamia Empress of Ireland kule Kanada, nijiandaeje?

Chumvi_Kunduchi
Wakuu habari za jioni. Mimi kazi yangu ni kuzamia na wageni huku visiwa vya Mbudya na Bongoyo, Dar, mwaka wa saba sasa, na mnajua maji yetu hata Julai yakipoa bado ni kama nyuzi 25. Kuna mgeni wangu Mkanada tumezoeana, kanialika mwakani mwezi wa 8 twende mto St. Lawrence kule Quebec tukaione Empress of Ireland. Ni meli ya mvuke, iligongwa usiku wa ukungu tarehe 29 Mei 1914 na Storstad, meli ya Norway iliyobeba makaa ya mawe, ikazama kwa dakika 14 tu, kati ya watu 1,477 wakafa 1,012. Imelala ubavu wa kulia, chini kabisa ni kama mita 40. Mita 40 nimeshafika sana, ninachoogopa ni baridi, anasema kule chini ni nyuzi 2 mpaka 4. Wetsuti yangu, ile suti ya mpira ya kuzamia inayopitisha maji, ni ya milimita 5, nikivaa mbili itatosha? Naombeni ushauri wa kweli, nafasi kama hii sitaki initoke.

Bergen_Mbagala
Mkuu mbili hapana kabisa. Wetsuti ikifika mita 40 inabanwa inakuwa kama karatasi, joto lote kwisha. Kule ni draisuti, maji hayaingii, ndani unavaa sufi. Nilisoma Norway nikajifunzia huko, na mimi nilitoka hapa najiona najua, siku ya kwanza hewa ya kwenye suti ikakimbilia miguuni nikapinduka kichwa chini miguu juu naanza kupanda bila kutaka, mwalimu akanidaka pezi. Na hiyo ni mita 6.

Kingine regulata, kile kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi, na hili linaua watu. Hewa ikitoka kwenye mtungi wa bar 200 inatanuka, ikitanuka inapoa chini ya sifuri, yale maji ya pembeni yanaganda, vali inakwama wazi, hewa inamwagika yenyewe na mtungi unakauka ndani ya dakika chache. Chukua regulata ya maji baridi, tena mbili, kila moja na koki yake, ili moja ikimwaga unaifunga unahamia nyingine. Na usijaze suti hewa ndefu huku unavuta pumzi, bonyeza kidogo kidogo.

Vidole sasa. Dakika ya 15 nilikuwa nabonyeza kitufe cha kujaza suti hewa huku nakiangalia kidole kwa macho nijue kama kimefika, maana chenyewe hakisikii kitu. Meli yangu ya kwanza ya baridi, Frankenwald, ile ya Wajerumani iliyozama Gulen Januari 1940, nilienda baada ya kushuka mara 20 na draisuti.

Mwl_Msasani
Kijana wangu, mita 40 ya huku na ya kule usizilinganishe. Pale kuna mkondo na giza, na ulevi wa naitrojeni, ile hali ya kichwa kulewa na hewa unayovuta ukiwa kina kirefu, kwenye baridi na giza unakupata vibaya. Halafu meli iliyolala ubavu, sakafu inakuwa ukuta na mlango unakuwa juu ya kichwa, ukiingia ukatimua tope hujui utokee wapi. Wazamiaji wamefia pale. Baki nje.

Binti_Igoma
Samahanini mimi sio mzamiaji ila nimesoma nikashindwa kunyamaza. Baba yangu mdogo aliondoka na MV Bukoba Mei 1996, hatukumpata. Bibi mpaka anafariki alikuwa hali samaki wa ziwani. Kwa hiyo kaka ukifika pale ujue mle ndani kuna watu, kuna mtu anawasubiri bado. Usiguse kitu.

Chumvi_Kunduchi
Dada yangu pole sana, nimekuelewa. Hata sheria ya Quebec inailinda tangu 1999, kuchukua kitu ni marufuku, lakini ulivyosema wewe imenigusa zaidi. Mwalimu, siingii ndani, nimekubali. Nimeshamwandikia mwenyeji wangu kwamba nije wiki tatu kabla nijifunze draisuti kwanza kwenye kina kifupi, na nisipokuwa tayari meli isubiri mwaka mwingine. Bergen, glavu nichukue saizi gani?

Bergen_Mbagala
Glavu kavu, saizi moja juu ya yako, ndani uvae za sufi. Na zizoee ukiwa nchi kavu, vaa ufungue na kufunga koki za mtungi bila kuangalia mpaka mikono ijue yenyewe.