Ugonjwa wa Huntington kwenye ukoo wetu: mdogo wangu apimwe kabla ya kuoa?

MamaDagaa_Kirumba

Wakuu, habari za leo. Nauza dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Naombeni msaada wenu.

Baba yetu alikuwa mvuvi. Alipovuka miaka arobaini tabia ndiyo ilianza kubadilika. Hasira za ghafla, anawatukana wenzake mtumbwini, siku nyingine anageukia ukuta hataki kusemeshwa. Mwili ulifuata baadaye: mabega yanaruka, vidole vinacheza vyenyewe, akitembea anayumba hadi watu wanasema kalewa, na pombe hakuwahi kuonja. Kijijini wakasema karogwa kwa sababu ya injini mpya. Tulizunguka kwa waganga mpaka injini yenyewe ikauzwa. Alifariki hatujui alichougua.

Sasa ni kaka yetu mkubwa. Ni fundi wa nyavu, na siku hizi sindano inamponyoka, akiiokota inamponyoka tena. Akiona unamtazama anaukalia mkono. Daktari alimwambia atoe ulimi nje autulize; kila akiutoa, ulimi unarudi ndani wenyewe. Ndipo akaandika Huntington.

Mdogo wetu ameshapeleka posa Sengerema, na anataka kupimwa. Mama hataki kusikia, anasema mtoto atakufa kwa mawazo. Wanaojua: unarithiwaje huu? Na kama baba alizaliwa nao, mbona alikuwa mzima miaka yote ile?

Maabara_Nyakato

Pole sana dada. Chanzo ni jeni moja, yaani kipande cha DNA tunachorithi kwa wazazi, iliyo kwenye kromosomu ya 4. Ndani yake kuna herufi tatu za DNA, CAG, zinazojirudia. Mtu mwenye marudio chini ya 27 hana shida. Kuanzia 36 hadi 39 anaweza kuugua au asiugue; 40 na zaidi ugonjwa utakuja akijaliwa umri. Mzazi mwenye jeni iliyorefuka hivyo, kila mtoto wake ana nusu kwa nusu ya kuirithi, wa kike na wa kiume sawasawa. Kaka kuugua hakumpunguzii mdogo hatari wala hakumwongezei.

Swali lako la pili limewasumbua watafiti miaka mingi. Mwaka 2025 timu ya Broad Institute na Harvard ilichapisha jibu zuri: kwenye baadhi ya seli za ubongo marudio hayo yanaendelea kurefuka maisha yote, polepole mno, na seli inakuwa salama tu. Yakipita kama 150 ndipo inaharibika na kufa. Kwa hiyo baba yako hakuwa anaficha kitu. Alikuwa mzima kweli huku seli zikihesabu.

Na jambo hili linanigusa kwa kuwa ni la watu wa ziwani kama sisi. Jeni hiyo ilipatikana kwa msaada wa vijiji vya wavuvi wa Ziwa Maracaibo, Venezuela. Nancy Wexler, Mmarekani ambaye mama yake aliugua hivyo hivyo, alianza kwenda kule mwaka 1979. Familia zile maskini zikatoa damu na kutaja ndugu zao mpaka ukoo ukafika zaidi ya watu 18,000. Mwaka 1983 wakajua iko kromosomu ya 4, mwaka 1993 wakaipata yenyewe. Dawa ya kuponya bado. Jaribio kubwa la dawa iitwayo tominersen lilisitishwa mwaka 2021.

Mkerewe_Nansio

Mimi nipo upande wa mama yako. Apimwe ili iweje, kama dawa hakuna? Tunamlea shangazi mwenye hali hiyo. Kilichotusaidia ni dawa ya haloperidoli kwa vile viungo vinavyocheza vyenyewe, na chakula. Wanakonda vibaya hawa, na wanapaliwa. Ugali mkavu tuliuacha.

Maabara_Nyakato

Mkerewe, uamuzi ni wa kijana, si wa mama wala wetu. Ana haki ya kujua na ana haki ya kukataa kujua. Nisichokubali ni kupimwa bila kukaa na mshauri kwanza, au kupima watoto wadogo.

Ila dada, msianze na mdogo. Anzeni na kaka anayeumwa. Kuna ugonjwa mwingine unaofanana kabisa, HDL2, uliotambuliwa mwaka 2001, jeni yake iko kromosomu ya 16, na karibu wagonjwa wake wote wana asili ya Afrika. Kipimo cha Huntington hakiuoni. Mdogo akipimwa jeni isiyo yenyewe ataambiwa yuko salama, aoe, azae, kumbe sivyo.

MamaDagaa_Kirumba

Mungu awabariki. Hilo la HDL2 hatukuambiwa popote. Nitampeleka kaka hospitali ya Bugando, niulize magonjwa yote mawili na damu inapelekwa maabara gani. Mama nimemsomea habari za wale wavuvi wa Venezuela, akauliza kama na wao waliambiwa wamerogwa. Mdogo amekubali kusubiri majibu ya kaka, ila anasema mchumba atamwambia sasa hivi, na mimi namuunga mkono.

Mkerewe, shangazi mnamlisha nini? Kaka mkanda umefika tundu la mwisho.

Mkerewe_Nansio

Uji mzito wa mahindi, karanga zilizosagwa, dagaa wa unga, mafuta ya alizeti usibane. Kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Akae wima, kidevu ashushe anapomeza, na mtu asimsemeshe mpaka amalize.