Ushauri: beta ya mshipa wa shingo inarukaruka kwa mtu yuleyule. Tatizo programu au picha?

Mshale_B
Wakuu, salaam. Kuna programu inayofuata kuta za ateri ya karotidi yenyewe kwenye klipu za altrasaundi, halafu inatoa fahirisi ya ukakamavu, yaani beta. Mtu mmoja, kitanda kilekile, dakika 10 tu zimepita: kwanza 4.9, kisha 6.1. Probu (kifaa kinachowekwa kwenye ngozi) ni ya mstari, MHz 10. Klipu ni za sekunde 5, MP4, fremu 30 kwa sekunde. Presha inapimwa mkononi mara moja mwanzoni, 120/80. Kipenyo cha chini ni mm 6.0. Nibadilishe programu?

ukuta_wa_mbali
Piga hesabu kwanza, mkuu. Beta ni logi asilia ya presha ya juu kwa ya chini, ukigawanya kwa uwiano wa kutanuka (ongezeko la kipenyo kwa kipenyo cha chini). Logi ya 120/80 ni 0.405. Mshipa ukitoka 6.0 hadi 6.5, uwiano ni 0.083 na beta ni 4.9. Ukiishia 6.4, beta ni 6.1. Kwa hiyo unachokimbizana nacho ni mm 0.1. Picha ya kina cha sm 4 iliyogawanywa kwa pikseli 600 ina mm 0.067 kwa kila pikseli, maana yake pikseli moja na nusu ndiyo inayokutoa jasho.

Achana na MP4. Mbano wa video unalainisha kingo, na kingo ndizo programu inazozitafuta. Hifadhi DICOM (muundo wa faili za picha za hospitali) isiyobanwa. Kisha zima pasistensi, ile ya kuchanganya fremu ili picha ionekane laini. Inapendeza machoni lakini inakata kilele cha mpigo na kuinua bonde lake, kutanuka kunaonekana kudogo na beta inapanda. Fremu 30 nazo ni chache: moyo ukipiga 75 kwa dakika unapata fremu 24 kwa mpigo, na kilele kinaweza kuangukia katikati ya mbili. Punguza kina, punguza upana wa picha, weka fokasi moja tu kwenye ukuta wa mbali (ulio mbali na probu), utafute fremu 60 au zaidi.

Kosa la ukubwa wa pikseli halikugusi kwenye beta, kwa kuwa ni uwiano na linajifuta. Ukianza kutoa komplayansi (kiasi mshipa unavyotanuka kwa kila ongezeko la presha), inayotumia eneo halisi la mshipa, hapo litakuuma.

dada_doppler
Kabla ya hayo yote, mkono ulioshika probu. Pima sm 1 hadi 2 chini ya pale mshipa unapoanza kufura kuelekea balbu (pale unapopanuka kabla ya kugawanyika), sehemu isiyo na utando wa mafuta. Kipande cha picha kikipita mm 1 pembeni ya kitovu cha mshipa, mshipa wa mm 6.0 unasomeka 5.66. Dalili ya kuwa katikati ni ile mistari miwili myembamba kuonekana wazi kwenye kuta ZOTE mbili, siyo ukuta wa mbali peke yake.

Angalia pia vena ya jugula iliyo juu yake: ikilala bapa, unabonyeza mno. Mwaga jeli ya kutosha, probu ielee. Kichwa kigeuzwe kiasi tu, shingo isikaze. Mwambie atoe pumzi kawaida na aishikilie sekunde chache bila kukaza tumbo.

Kipimo_mmHg
Mbona presha hamuigusi? Presha ya juu ya mkononi mara nyingi huzidi ya shingoni, hasa kwa vijana. Ikiwa shingoni ni 110/80, logi inashuka hadi 0.318 na beta ya 4.9 inakuwa 3.8. Tumia tonometa ya karotidi (kalamu ya kupima wimbi la presha shingoni). Kama huna, geuza wimbi la kipenyo kuwa la presha kwa kutumia presha ya wastani na ya chini za mkononi, kwa sababu hizo mbili hazitofautiani sana kati ya mkono na shingo. Mtu alale dakika 10 kwanza. Kahawa na sigara mbali.

ukuta_wa_mbali
Kweli, ila hilo linahamisha namba zote upande mmoja, haliwezi kuzirusha. Kinachoweza kuzirusha ni presha kubadilika katikati wakati wewe bado unatumia ya mwanzo. Pima kabla na baada ya kila klipu.

Mshale_B
Nimeelewa. Na ukuta wa karibu? Programu inausogezasogeza.

ukuta_wa_mbali
Huo ni msumbufu kwa asili. Mwangwi wake una mkia unaoingia ndani ya mshipa, na mkia unarefuka ukiongeza geini (ukuzaji wa mwangwi). Shusha geini mpaka ndani ya mshipa kuwe cheusi, kisha usiiguse kwa mtu huyo. Chagua mpaka mmoja, wa nje au wa ndani, usichanganye. Ukiona mchoro wa kipenyo umeruka ghafla kama ngazi kwa nusu milimita au zaidi, programu imehama kutoka utando wa ndani kwenda wa nje. Mpigo huo utupwe. Mchoro mzuri hupanda kwa kasi, hushuka taratibu, na mipigo yote hufanana. Chukua angalau 6, tafuta wastani. Moyo usio na mpangilio unahitaji mingi zaidi, na mpigo wa kuruka hauingii kwenye hesabu.

dada_doppler
Kumjua mkosaji: pitisha klipu ILEILE mara mbili kwenye programu. Namba zikitofautiana, programu ndiyo. Zikilingana, rekodi klipu mbili bila kuinua probu, kisha mbili nyingine ukiinua na kurudisha. Tofauti ikitokea hatua hiyo ya mwisho tu, weka alama ya kalamu kwenye ngozi na uandike pembe ya probu kwenye fomu.