Nguo ya Nekesa, Ijumaa

JUMAPILI

Senge Rosa amebadilisha jina la kikundi kutoka "Krismasi Kimilili" kuwa "Nguo ya Nekesa, Ijumaa"

Senge Rosa amemwongeza Khocha Simiyu

Senge Rosa (19:12): Hamjambo nyote. Ni mimi senge, dada ya baba yake Nekesa, na sizunguki. Nekesa ana hafla ya kazini Ijumaa usiku, Kisumu, hoteli ya kando ya ziwa. Idara yao ya maabara inapewa cheti na yeye ndiye atasimama kutoa shukrani. Kadi imesema mavazi ni rasmi ya jioni, na mguso wa Kiafrika. Siku tano zimebaki. Yale ya Kitale sitaki kuyaona tena.

Senge Rosa (19:13): Mpango uko. Kitenge yadi 6, gauni refu na kilemba. Nimeshalipa, Mama Sifa amekichukua sokoni Bungoma, anampelekea fundi wake kesho. Mshono ni 2,500. Kila mtu 300 kwa M-Pesa yangu kabla ya kesho saa sita.

Senge Rosa (19:40): Naona watu tisa wamesoma.

Naliaka: Jioni njema senge. Rangi gani?

Senge Rosa: [Picha] Machungwa na bluu.

Barasa: Hiyo si pazia ya kanisa la Kamukuywa? 😂

Senge Rosa: Barasa umetuma 300?

Barasa: Najipanga senge

Khocha Simiyu: Asanteni kwa kunikaribisha. Mimi khocha, kaka ya mama yake Nekesa, nauliza tu. Kadi imesema mguso. Mtoto akivaa kitenge kutoka utosini mpaka kisiginoni, huo si mguso tena, huo ni kukumbatiwa.

Barasa: 😂😂😂 Khocha amefika

Senge Rosa: Karibu shemeji. Na 300 pia karibu.

Wafula: Jameni na mimi? Kadi ni ya watu wawili, naenda na dadangu. Naweza kuvaa suti ya Kaunda?

Barasa: Kwa Spika wetu hungeingia. Novemba 2023 Wetang'ula alizifungia nje ya bunge, yeye Mbukusu mwenzetu.

Wafula: Hoteli si bunge

Khocha Simiyu: Lakini hapo alikosea. Kaunda ni vazi la heshima. Mzee wangu alikuwa nayo moja ya kijivu, akiivaa hata mbuzi wanajua leo kuna jambo.

Barasa: Tatizo ni kwamba hatuna letu. 2004 serikali ilizindua vazi la taifa. Nani hapa amewahi kuliona kwa harusi, kwa mazishi, hata kwa mtaa?

Naliaka: Na hicho kitenge tunachopigania, asili yake ni batiki ya Java. Waholanzi waliiga kwa mashine karne ya 19, wakaja kuuza Afrika Magharibi, ndiyo kikatufikia.

Barasa: Kwa hivyo Nekesa avae gome la mti?

Senge Rosa: Naliaka, Barasa, hayo ya historia nendeni mkafundishane kando. Ni watu wawili tu wametuma. Nekesa mwenyewe yuko wapi?

JUMATATU

Senge Rosa (06:05): Mungu ametuamsha. 300.

Senge Rosa (06:07): Nimefikiria usiku. Hafla inaisha saa nne, saa tano. Kutakuwa na baridi. Nina koti langu la mahameli, jeusi, nitalituma. Aweke juu ya gauni.

Nekesa (12:48): Shikamoo senge. Asante sana. Ila huku kuna joto hata usiku.

Senge Rosa: Joto la mchana hilo. Usiku upepo wa ziwa unaingia mifupani.

Barasa: Senge, Nakuru mko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari. Kisumu ni 1,130 hivi. Mahameli kule mtu anatoka kama amenyeshewa.

Mama Sifa: Ni kweli wifi. Tulipoenda ile harusi ya Nyalenda nilivaa nailoni, nikakaa nyuma ya feni mpaka keki ikakatwa.

Senge Rosa: Sawa. Koti linabaki. Lakini mabega yasiwe wazi, ni mkutano wa kazi.

Wafula: Kuna jambo lingine. Wiki jana nilipeleka saruji hiyo hoteli. Hafla za jioni meza wanaweka nje, kwa nyasi. Karibu na maji.

Naliaka: Wafula ungesema hilo kwanza! Basi kile kiatu chake cha kisigino kama msumari aache nyumbani. Kwa nyasi kinazama, unatembea ukichomoa mguu kama uko kwa mpunga wa Ahero. Nina kimoja hapa kibandani, kisigino kipana, cheusi, karibu kipya. Nekesa unavaa 39 ama 40?

Naliaka: Na asivae nyeupe. Wadudu wa ziwani wanafuata taa, wakikutua kwa nguo nyeupe ukiwapangusa wanaacha alama.

Barasa: Wafula avae nyeupe basi, awavutie upande wake

Wafula: Mimi niko na suti yangu ya bluu iliyokolea. Kaunda nimeacha.

Naliaka: Ile uliyovaa kwa harusi ya Sikhendu?

Wafula: Ndiyo

Naliaka: Geuza koti nyuma. Chini kwa mpasuko kuna uzi mweupe umeshonwa kama msalaba. Bado uko?

Wafula: Niliacha ndiyo isipasuke zaidi

Naliaka: Haki Wafula. Huo uzi ni wa kiwandani, wanafunga mpasuko ili koti lisijikunje kwa safari. Ukinunua unaukata. Kwa wembe, polepole, usikate kitambaa. Tazama mkono wa kushoto pia, kama kile kibandiko cha jina la kampuni kiko, kitoe. Na kifungo cha chini cha koti hakifungwi. Kile cha juu tu.

Khocha Simiyu: Hata mimi nimejua leo.

Barasa: Kwa hivyo ile picha ya harusi iliyo kwa sebule ya Kukhu, nyanya yetu, Wafula amegeuka nyuma na msalaba wake…

Mama Sifa: 😂😂 Barasa wacha kaka yako

Senge Rosa: Nekesa hajajibu namba ya kiatu. Waliotuma: Naliaka, Mama Sifa, Wafula. Baba Nekesa? Khaemba? Khocha?

JUMANNE

Mama Sifa (10:20): Wifi, fundi ameloweka kitenge jana ndiyo kijirudi kabla ya kukata. Bluu imetoka kidogo, maji yalibadilika. Anasema akikausha itakuwa sawa. Anataka vipimo vya Nekesa.

Senge Rosa: Nekesa! Kifua, kiuno, nyonga, urefu kutoka begani. Ukijipima usivute pumzi ndani.

Senge Rosa (13:15): Nekesa.

Senge Rosa (15:02): Simu yake inaita tu.

Khocha Simiyu (15:30): Mimi nasema yangu. Kama lile gauni la kijani la dada yangu lingekuwako, hatungekuwa tunatafuta vitenge vinavyotoa rangi.

Senge Rosa (15:31): Shemeji, sema vizuri unachosema.

Khocha Simiyu: Sijataja mtu.

Senge Rosa: Hujawahi kutaja. Tangu mazishi mnasema bila kusema.

Barasa amefuta ujumbe huu

Mama Sifa: Tafadhalini. Kuna watoto humu.

Baba Nekesa (16:10): Tafadhali.

Senge Rosa (16:44): Hapana, leo wacha niandike. Mama Nekesa nilimwosha kwa mikono hii miwili. Nilimvisha. Nilitoka chumba kile sikubeba hata kitambaa cha kichwa. Nikarudi Nakuru na nguo niliyokuja nayo, ikiwa na tope. Halafu nikasikia kwa watu kwamba kuna gauni la kijani halionekani na mimi ndiye niliondoka mapema. Sikuondoka mapema. Nilikuwa naitwa kazini.

Senge Rosa (16:51): Na mnajua kwa nini nasumbua watu na hii nguo. Siku yangu ya kuagwa kazini nilisimama mbele ya wakubwa na sketi ya kuazima. Zipu ilifunguka nikiwa kwa ngazi. Niliongea nimeshika ubavu kwa mkono wa kushoto mpaka mwisho. Sikumbuki nilisema nini. Watu walipiga makofi na mimi nawaza zipu. Nekesa asisimame hivyo. Avae kitu ambacho akishafunga, anakisahau.

Naliaka: Pole senge. Hili hatukujua.

Wafula: Pole senge

JUMATANO

Simu ya Kukhu (07:18): [Ujumbe wa sauti, 2:04]

Barasa (08:30): Niko darasani siwezi kufungua. Amesema nini?

Mama Sifa (08:41): Naandika vile alivyosema, sitaongeza kitu.

"Sifa amenisomea yote. Gauni la kijani liko kwa sanduku langu, chini ya blanketi la kuka, babu yenu. Mama Nekesa aliniachia mwenyewe siku alipokuwa anaenda hospitali. Akasema, mama, mtoto akikua. Sikumwambia mtu, kwa sababu mimi hakuna aliyeniuliza. Mliulizana ninyi kwa ninyi. Rosa hakuchukua kitu. Simiyu, umesikia. Na sasa mnamvisha Nekesa na sijamsikia Nekesa. Anipigie yeye. Ninyi wengine mnyamaze kidogo."



Khocha Simiyu (11:56): Nimesikia, mama.

Khocha Simiyu (12:20): Shemeji Rosa, nimetuma 1,000 ya fundi.

Senge Rosa (12:58): Nimeiona.

Nekesa (13:40): Nimeongea na Kukhu. Samahanini kwa kunyamaza, tuko na kazi nyingi maabara na pia sikujua niseme nini. Senge, kitenge ni kizuri na najua umelipa. Lakini nataka kuvaa la mama. Nilikuwa darasa la sita alipolivaa mara ya mwisho, nilimshikia kioo. Nataka kusimama nalo.

Baba Nekesa (13:44): ❤️

Senge Rosa (13:52): Sawa mwanangu.

Senge Rosa (13:53): Basi tufanye haraka. Mama yako alikuwa mwembamba. Litakuingia?

Naliaka: Sifa, toa gauni, ligeuze ndani nje, upige picha ya mshono wa ubavuni karibu. Na zipu.

Simu ya Kukhu (14:30): [Picha] [Picha] [Picha]

Naliaka (14:41): Ooh. Angalieni hiyo kazi. Ni lesi, na bitana yake imeshonwa peke yake, haijakamatana na lesi mpaka kiunoni. Ndiyo maana halikuwa linamkaza. Na fundi ameacha kitambaa ndani ya mshono, karibu inchi kila upande. Hiyo inafunguliwa, inatoa inchi tatu na zaidi ukijumlisha pande zote mbili. Ila mstari wa mshono wa zamani utaonekana kidogo, lesi imepauka nje na ndani ni kijani kibichi.

Mama Sifa: Zipu imeshika kutu

Naliaka: Zipu ni mpya ya kununua, hiyo si kitu. Msipige pasi juu ya lesi, weka kitambaa katikati, pasi isiwe moto. Na linanuka dawa ya nondo?

Simu ya Kukhu: Sana. Ni mimi Sifa

Naliaka: Lianikwe kivulini, kwa upepo. Jua litamaliza rangi.

Senge Rosa: Na mguso wa Kiafrika? Gauni la kijani peke yake si mguso. Kilemba cha kitenge basi.

Naliaka: Senge, machungwa na bluu juu ya kijani…

Barasa: Pazia imerudi

Senge Rosa: Mkanda basi. Mkanda mwembamba tu. Ama Kukhu ana shanga.

Khocha Simiyu: Zile za hudhurungi za mama zinatosha kabisa, kwa maoni yangu.

Senge Rosa: Kwa hilo nakubaliana nawe.

Wafula: Tumewasikia wote wawili, nimepiga picha ya skrini

Mama Sifa: Swali. Nani anafungua huo mshono? Fundi wangu wa Bungoma ama mtu wa Kisumu? Na linafikaje? Kesho ni Alhamisi.

Naliaka: Bora Kisumu, Nekesa alivae mbele ya fundi, apinde mikono, akae chini, ainuke. Mshono haupimwi kwa simu.

Wafula: Kuna mama anashona Kibuye, anajua. Lakini akishaingia na sare za shule hapokei kazi ya siku moja. Nitampitia jioni nimbembeleze.

Senge Rosa: Gauni liwekwe kwa matatu ya asubuhi Kimilili, dereva apewe namba ya Wafula.

Simu ya Kukhu (17:05): [Ujumbe wa sauti, 0:06]

Mama Sifa: Anasema hilo gauni haliingii matatu peke yake.

Baba Nekesa (17:09): Nitalileta mimi.

Nekesa: Baba kesho si una kikao cha shule?

Senge Rosa (17:30): Kaka, utaondoka saa ngapi?

Senge Rosa (18:15): Kaka?

Mama Sifa (18:22): Wifi, fundi ananiuliza kwa mara ya tatu. Kitenge akate ama asikate?

Senge Rosa: Asikate kwanza. Nekesa, tuseme kama la mama litakataa kuingia, utavaa nini? Nakuuliza mapema.

Khaemba (19:03): Samahani familia nilikuwa safarini Malaba. Nimetuma 300. Hafla ni ya nani?

Wafula (19:20): Nimekata ule uzi. Kumbe mifuko pia ilikuwa imeshonwa, nilidhani haina mifuko.

Naliaka (19:24): Nekesa, 39 ama 40? Matatu inatoka hapa alfajiri na bado nimeshika kiatu mkononi.